Opera Isiyo na Jalada

Jumapili, 1 Juni

Maji ya ndoo yameganda, nikayavunja kwa kisigino cha kiatu. Baridi imeingia huku milimani Thaba-Tseka bila hodi. Leo redioni nimepiga Haydn, maana huyo ndiye mtunzi pekee ninayemjua awezaye kuchekesha bila kusema neno. Imeingia simu moja tu, ya yule mzee, Ntate Ramabele.

"'M'e 'Mathuso, zile tarumbeta zilikuwa mbili au tatu?"

"Mbili, Ntate."

"Ahsante. Nilidhani tatu."

Akakata. Miaka kumi na minne sasa, kila Jumapili, swali moja. Wengine Mungu huwapa kisukari, mimi kanipa Ramabele.

Jumatatu, 2 Juni

Meneja mpya wa redio amefika kutoka Maseru. Anaitwa Relebohile, ana miaka ishirini na tisa na viatu visivyowahi kukutana na matope. Alituita ofisini mmoja mmoja.

"'M'e, kipindi chako kina wasikilizaji wangapi?"

"Wilaya nzima."

"Jana ilipigwa simu moja."

"Ilikuwa ya maana."

"Aliuliza nini?"

"Idadi ya tarumbeta."

Akaandika kwenye daftari. Nilinyoosha shingo nikaona ameandika "tarumbeta" na kupiga mistari miwili chini yake. Kisha akaniambia, kwa adabu kabisa, maana kwao walimlea vizuri, kwamba wasikilizaji wasipoongezeka hadi katikati ya Agosti, saa yangu itapewa vijana wa kodiani. Mimi sina ugomvi na kodiani. Ila kodiani wana siku sita nzima. Jumapili saa tisa alasiri ni yangu mimi na Bach.

Jumanne, 3 Juni

Upepo. Sikutoka.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimepekua masanduku ya Padri Gagnon. Nilianza kumfulia na kumpigia pasi nikiwa na miaka kumi na saba. Jumamosi alikuwa akipiga santuri zake, nami nikipiga pasi kanzu zake, ndiyo maana hadi leo nikimsikia Bach nanusa nguo yenye wanga. Alinifundisha kinanda, akanifundisha kutofautisha fidla ya kwanza na ya pili kama mtu anavyotofautisha mapacha, akaniachia kwaya. Alipofariki kanisa lilichukua kila kitu, likaniachia santuri mia mbili na kumi kwa kuwa hakuna aliyezitaka. Redio ilipofunguliwa walihitaji mtu wa kuziba pengo la Jumapili. Pengo likawa kazi yangu.

Chini kabisa ya sanduku la tatu nimekuta opera ya santuri nne, nyuso nane. Panya wamekula jalada na kijitabu cha maelezo. Jina la opera limeliwa, jina la mtunzi limeliwa, imebaki picha ya ukingo wa kofia. Nadhani ni ya Kiitaliano, kwa sababu kila neno linaisha mdomo ukiwa wazi.

Niliandike hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: mimi Kiitaliano sikijui. Wala Kijerumani. Mwaka wa kwanza wa kipindi nilipiga wimbo wa mwanamke mmoja analia, msikilizaji akapiga simu akauliza, "'M'e, analilia nini huyo?" Tulikuwa hewani. Ningesemaje? Nikasema, "Mumewe amekwenda migodini na haandiki barua." Wilaya ikalia. Mtu wa Mantšonyane akaniletea boga. Tangu siku hiyo sijaweza kurudi nyuma. Nasikiliza sauti, sauti inaniambia hadithi, mimi naipitisha. Na nina sheria moja: sisikilizi mbele. Ninasikia pamoja na watu, dakika hiyo hiyo.

Jumapili ijayo naanza opera hii. Uso mmoja kila wiki. Kama ni kufa, nife na okestra.

Jumapili, 8 Juni

Uso wa kwanza. Ameingia mwimbaji wa besi, sauti kama pipa linaloviringishwa ghalani, na nyuma yake zile filimbi ndefu nene zinazokoroma, fagoti, mbili. Nikajua si mtu mwema. Mtu mwema haandamani na fagoti. Kisha mwanamke, sauti ya kwanza, juu kabisa, anamjibu mafupi mafupi kama mtu aliyeshikilia mlango.

Nikawaambia: "Mabibi na mabwana, huyu ni tajiri. Ndugu yake amefariki. Anataka kumrithi mjane, pamoja na mbuzi wake wa manyoya."

Simu ikalia. Mwanamume: "Mbuzi wangapi?"

"Mia moja na arobaini," nikasema. Kwa nini mia moja na arobaini, sijui. Ngoma zilikuwa zinakwenda haraka.

Simu saba. Ya nane Ntate Ramabele: "'M'e, huyo bwana, una hakika amefiwa?"

"Ntate, humsikii?"

"Namsikia. Ahsante."

Jumapili, 15 Juni

Uso wa pili. Amekuja kijana wa sauti ya tatu, mwepesi, na zumari pembeni yake linarukaruka kama mwanakondoo. Nikasema ndiye mpenzi, na ili aingie kwa mjane amejifanya daktari.

Mwanamke akapiga simu: "Daktari wa watu au wa mifugo?"

Kwa kuwa kulikuwa na mbuzi, nikasema wa mifugo.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Alicheka hadi simu ikamwanguka. Waliomfuata walicheka pia. Mimi sikuona cha kuchekesha, lakini Relebohile alisimama nyuma ya kioo akinionyesha vidole: simu thelathini na mbili.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kununua makoenya, yale maandazi yetu ya mviringo. Muuzaji amenipa moja la nyongeza, akanikonyeza, akasema, "'M'e, wewe ni hatari." Nimerudi nikijitazama kwenye kioo. Sioni hatari.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimejua kilichowachekesha.

Redio yetu iko juu ya ghala la sufu la Ntate Khoabane. Jengo ni lake, ngazi ni zake, hata msumari wa kutundikia blanketi langu ni wake. Yeye mwenyewe ni besi bora kuliko wote katika kwaya ya kanisa. Nimemfundisha mimi mwenyewe, kwa noti za do-re-mi, miaka ishirini. Saa nne asubuhi nilisikia ngazi zikilia, akaingia bila kuvua kofia.

"Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini, Ntate?"

"Usinifanye mtoto! Ndugu yangu alifariki Oktoba. Mjane wake 'Malineo ana mbuzi wa manyoya. Unajua wangapi?"

Nikahisi jibu linakuja kama mawe yanavyoporomoka mlimani.

"Mia moja na arobaini!" akanguruma. Dirisha likatetemeka. Kwa kweli ana kifua cha ajabu mzee huyu. Laiti angekuwa anakitumia hivyo siku ya Pasaka. "Na yule kijana wa chanjo, Katiso, anayekwenda kwake mara tatu kwa wiki! Mbuzi gani wanachanjwa mara tatu kwa wiki?"

"Ntate, hii ni opera. Ya Waitaliano. Wamekufa wote."

"Waitaliano wamenijuaje?"

Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya zaidi: "Huyo wa besi ashinde. Umenisikia? Asiposhinda, mtafute paa lingine. Na baridi hii."

Jambo la kusikitisha ni kwamba habari za chanjo mji ulikuwa unazijua, ndiyo sababu ya vicheko vya Jumapili. Lakini habari za Khoabane na mbuzi hakuna aliyekuwa nazo. Alizitoa mwenyewe, akishuka ngazi, kwa sauti ile ile niliyomfundisha kuitoa tumboni: "Mimi simtaki 'Malineo kwa ajili ya mbuzi!" Ilikuwa siku ya kununua sufu. Uwanja ulijaa.

Jumapili, 22 Juni

Theluji. Umeme umekatika. Hakuna kipindi. Watu wanne wamekuja hadi mlangoni kwangu na mablanketi yao kuuliza nini kimempata mjane.

Jumatano, 25 Juni

Theluji.

Jumapili, 29 Juni

Uso wa tatu. Nimejaribu kumtengeneza besi awe mtu mwema. Nikasema labda anampenda mjane kweli. Mara fagoti zikaingia, nne safari hii. Ningefanya nini mimi? Msikilizaji wa Sehonghong akasema, "'M'e, usitudanganye, hizo si sauti za mtu anayependa."

Wameanza kunifundisha kazi yangu.

Jumapili, 6 Julai

Uso wa nne. Wimbo wa wawili, mjane na kijana. Loo! Sauti zao zilipanda, moja inaweka mguu, nyingine inaweka mguu, mpaka juu kabisa, na fidla chini yao kama ukungu bondeni. Nikasema wanaapa kutoachana. Nililia hewani. Relebohile naye alilia, na huyu alisomea biashara.

Ntate Ramabele: "'M'e, hapo mwishoni wamekubaliana, sivyo?"

"Wamekubaliana, Ntate."

"Hata mimi nimesikia hivyo. Ahsante."

Kwa mara ya kwanza ameuliza swali la maana.

Jumapili, 13 Julai

Uso wa tano. Simu sitini na moja. Mchungaji amehubiri asubuhi dhidi ya tamaa ya mali ya marehemu, huku akimtazama Khoabane kwenye benchi la besi. Khoabane aliimba nusu toni chini ibada nzima. Roho iliniuma, kwa kuwa ni mtu asiyewahi kushuka hata robo.

Jumatano, 16 Julai

'Malineo amekuja. Nilikuwa nikimwona kwa mbali tu, na nguo zake nyeusi za msiba. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, mikono mikubwa ya mtu anayekata manyoya mwenyewe. Alikaa, akakataa chai, kisha akainywa.

"'M'e, ukoo unataka jibu langu tarehe nne Agosti. Nimekuja kukuuliza kitu."

"Uliza, mwanangu."

"Yule mwanamke. Inaishaje kwake?"

Ningeweza kumwambia kweli. Badala yake nikasema, "Subiri usikie," nikajiona mwerevu. Alinitazama, akasema, "Sawa," akaondoka na vijiti alivyokuja navyo vya kufumia sufu. Tangu hapo sijatulia. Kutengeneza hadithi kwa ajili ya boga ni jambo moja. Huyu anataka kuishi ndani yake.

Jumapili, 20 Julai

Uso wa sita. Nimesema machache. Mafua.

Jumapili, 27 Julai

Uso wa saba. Besi amekasirika kuliko siku zote, anarudia neno moja kama nyundo: minestra, minestra, minestra! Nikasema, "Anasema: kisasi, kisasi, kisasi!"

Ntate Ramabele akapiga. "'M'e, lile neno minestra. Umesema ni nini?"

"Kisasi, Ntate."

Relebohile akagonga kioo, akidhani laini imekatika.

"Ahsante," akasema.

Kuna kitu kimenikaa rohoni. Alilitamka vizuri mno. Aliacha mdomo wazi mwishoni.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemuuliza muuzaji wa makoenya kuhusu Ramabele, ametoka wapi mzee huyu.

"Ramabele wa kule Ha Mphafi? Si alikuwa mpishi wa mafundi Waitaliano wakati wa ujenzi wa bwawa la Katse. Miaka tisa. Wanasema hata kuota alikuwa anaota Kiitaliano."

Nilimwachia makoenya yake mkononi nikaondoka. Miaka kumi na minne! Mtu mmoja katika milima yote hii alikuwa anajua kwamba nadanganya, na kila Jumapili alikuwa akinipigia simu kunishukuru.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeazima farasi kwa jirani, nikapanda hadi Ha Mphafi. Theluji magotini, upepo wa usoni. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia, na yote yalianza na "Kwa nini."

Nilimkuta anamenya viazi. Hakushangaa. Alinipa kigoda karibu na jiko, akanivua buti moja, lingine nikamzuia.

"Umekuja kuhusu supu," akasema.

"Supu gani?"

"Minestra, 'M'e. Ni supu. Yule bwana wa besi amepanga katika nyumba ya wageni. Tangu santuri ya kwanza analalamika supu imepoa."

Kiazi kikaanguka majini.

"Na mjane?"

"Ndiye mwenye nyumba. Anamwambia supu haikupoa, yeye ndiye aliyechelewa."

"Na kijana?"

"Anauza punda."

"Ntate Ramabele! Ule wimbo wao! Wameapa!"

"Wamepatana bei."

"Nililia hewani!"

"Hata mimi nililia," akasema, na wala hakuwa anacheka. "Waitaliano ndivyo walivyo. Niliwapikia miaka tisa. Mtu anakwambia chumvi imezidi, utadhani amefiwa na mama. Usijilaumu. Na punda mwenyewe, kwa jinsi anavyosifiwa, alikuwa punda mzuri sana."

Hapo ndipo nilipouliza kwa nini yangu. Kwa nini hakunisahihisha? Akafuta mikono taratibu.

"Mwaka ule wa kwanza nilitaka kupiga simu kukusahihisha. Mke wangu akanishika mkono. Ulikuwa umesema mume yuko migodini, haandiki. Mimi nilikuwa migodini kabla ya bwawa, 'M'e. Sikuandika. Akasema, 'Mwache, huyo mama anasema kweli.' Basi nikawa nauliza swali dogo tu, ili ujue kuna mtu anasikiliza. Alipofariki niliendelea. Ni mazoea." Akafikiri kidogo. "Ila la tarumbeta lilikuwa swali kweli. Sikio la kushoto limekufa."

Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwiga mezani kwa dada yangu ili watu wacheke. Nilitazama buti langu likitoa mvuke pembeni ya jiko lake nikaona aibu imenipanda hadi masikioni.

Nikamweleza yote: Khoabane na paa lake, 'Malineo na tarehe nne. Nikamuuliza uso wa nane utakuwa na nini.

"Sijui. Sijawahi kuisikia opera hii mahali pengine. Isikilize kabla."

"Sisikilizi mbele."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na Mwitaliano mwingine. Amekubali kuja Jumapili.

Jumapili, 3 Agosti

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Saa tisa kamili. Ntate Ramabele amekaa kulia kwangu, ili sikio lake zima liwe upande wa spika, amejifunga blanketi lake la harusi. Relebohile nyuma ya kioo. Nikafungua kipaza sauti, nikasema:

"Ndugu wasikilizaji, mimi 'Mathuso sijui Kiitaliano. Sikukijua mwaka huu, sikukijua mwaka jana. Hadithi hizi nilizitunga. Hapa ninaye Ntate Ramabele anayekijua. Leo mtasikia maneno yenyewe."

Kisha Ramabele, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la chanjo, akaeleza. Nyumba ya wageni. Supu. Punda.

Simu tatu zililia kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa mama wa Mantšonyane.

"Supu? Tumekaa na theluji wiki nane kwa ajili ya supu?"

"Ndiyo, 'M'e," akasema Ramabele. "Imepoa."

Wa pili: "Mwambieni huyo mzee arudi kwake! Nani amemwita?"

Wa tatu: "'M'e 'Mathuso, sisi tulijua zamani kwamba hukijui. Kwani nani anakijua? Endelea."

Kisha Relebohile akanitazama kwa namna nisiyoijua, akafungua laini ya nne. Pumzi nzito. Niliitambua kabla haijasema. Nimeifundisha mahali pa kupumua miaka ishirini.

"'M'e. Khoabane hapa."

Wilaya nzima ilinyamaza. Najua haiwezekani kusikia wilaya ikinyamaza, lakini niliisikia.

"Nimesikia habari za supu," akasema. "Sizitaki. Nimekaa hapa na blanketi tangu saa saba. Nataka kujua nitafanya nini." Akakohoa. "Yule mzee. Nataka kujua yule mzee atafanya nini."

Hakuwa anatisha. Hilo ndilo lililonishangaza. Aliuliza kama 'Malineo alivyouliza, utadhani amekalia kiti kile kile alichokalia yule.

Nikashusha sindano.

Ilianza kwa kwaya, watu wengi, sahani zinagongana, kelele. Kisha wakanyamaza. Akabaki besi peke yake. Nilingoja fagoti. Hazikuja. Ilikuja selo moja, ile fidla kubwa ya sauti nene, chini, taratibu, inamfuata kama mbwa anavyomfuata mtu aliyefukuzwa. Na yule mzee aliyepiga kelele nyuso saba aliimba polepole, hata pumzi zake zilisikika.

"Fagoti zimekwenda zao," nikawaambia watu. "Sasa yuko peke yake. Nadhani..." Nikamtazama Ramabele. "Ntate, anasema nini? Nadhani anaomba radhi."

Ramabele alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba. "Anaomba radhi," akasema. "Anasema hakuwa na hasira na supu. Anasema alikuwa hapendi kula peke yake."

Hatukuangaliana. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne kwamba mimi na Waitaliano tumesema kitu kimoja.

Mwanamke akamjibu kwa mstari mmoja mfupi.

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Nimekusikia.'"

"Basi?"

"Basi. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana."

Halafu mwanamke akaimba peke yake hadi mwisho, juu, bila sauti ya pili, bila besi, bila muuza punda. Nilitaka kuongeza neno. Sikuongeza. Santuri ikaisha, sindano ikabaki ikikwaruza, na hakuna aliyeinuka kuiondoa.

Jumanne, 5 Agosti

Habari za kikao cha ukoo zimenifikia kupitia watu watatu, na zote zinalingana, jambo ambalo ni nadra.

Kabla 'Malineo hajafungua kinywa, Khoabane alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya wazee kwamba ombi lake analiondoa, na kwamba amemkosea shemeji yake kwa kuzungumzia mbuzi kabla hajazungumzia marehemu. Wazee walishangaa hata wakasahau kukohoa. 'Malineo akashukuru, akasema mbuzi atawachunga mwenyewe.

Jioni akaja kwangu na fungu la manyoya meupe. Nikamwambia nimefurahi kwamba opera ilimsaidia.

"'M'e, nisamehe, sikuisikia," akasema. "Betri za redio ziliisha wiki ile nilipokuja. Ulipokataa kuniambia mwisho, nilijua hata wewe huujui. Nikakata shauri njiani."

"Na Katiso je?"

"Katiso anaongea sana. Nilikuwa namkaribisha kwa ajili ya mbuzi tu, na mbuzi wamepona."

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya hukumu. Relebohile ameniita ofisini, viatu vyake sasa vina matope. Kipindi kinabaki, na kimeongezwa saa. Sharti lake ni Ntate Ramabele awe nami kila wiki. "Wewe useme unachosikia, yeye aseme kilichosemwa, mgombane. Watu wanapenda mkigombana." Nikasema mimi si mgomvi. Akaandika kitu.

Jumapili, 17 Agosti

Tumegombana kuhusu Verdi. Simu themanini.

Jumatano, 27 Agosti

Theluji imebaki vileleni tu. Mipichi ya misheni imeanza kutoa maua, yakiwahi kabla baridi haijaondoka, kama kila mwaka, bila akili.

Mchana nilikuwa peke yangu studio, napanga santuri. Nikasikia ngazi. Ntate Khoabane ameingia, kofia mkononi. Nikajua amekuja kutuondoa, nikaanza kutafuta masanduku kwa macho. Akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Una kitu kisicho na maneno?" akauliza.

Nikamtafutia Bach, selo peke yake, hakuna mwingine ndani. Nikamwekea. Alikaa na kofia magotini, miguu sambamba, kama mtu aliye ofisi ya serikali. Katikati akainua kichwa.

"Na huyu naye anataka nini?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mjane, mgodi, barua, mbuzi, kila kitu kilikuwa tayari ulimini.

"Sijui, Ntate," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama vile nimempa jibu kamili. Tukasikiliza mpaka mwisho. Chini ghalani watu walikuwa wanafunga marobota ya sufu, mmoja anaita majina ya vijiji. Sindano ikafika katikati, nikaiinua.

"Basi," akasema Ntate Khoabane, "irudie."